Kitabu Kinasema Amekunywa

Kwa mujibu wa kitabu, Bibi Nahimana alikufa akiwa ameshiba. Ijumaa alikunywa uji mara tatu na maji mara sita. Jumamosi vivyo hivyo. Jumapili, siku aliyokutwa amekufa, alikuwa amekunywa chai ya maziwa saa moja asubuhi akabakiza nusu. Kila baada ya saa mbili aligeuzwa ubavu, na kila jioni aliogeshwa. Mwisho wa kila mstari palikuwa na herufi mbili: R.N.

Inspekta Verediana Nyandwi alikisoma kitabu hicho akiwa amesimama, maana kiti alichokaribishwa alikikataa. Kwa mkono wa pili alishika ripoti ya daktari. Macho ya marehemu yamezama, daktari aliandika. Ulimi umekauka mpaka umepasuka. Kibofu hakina hata tone. Vidonda vya kulalia mgongoni na nyongani, kimoja kimefika mfupani. Kwa makadirio yake, mama huyu alikaa siku mbili au zaidi bila kuonja kitu cha majimaji.

Kitabu au daktari, mmoja alikuwa mwongo, na Verediana hakuhitaji kurusha shilingi ili ajue ni yupi.

"Mna wahudumu wangapi hapa?" aliuliza.

"Wanane," alijibu Jovitha Felisiani, msimamizi wa Makao ya Wazee Rukimba. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, gauni limepigwa pasi vizuri, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Ukutani nyuma yake palibandikwa karatasi: HUDUMA KWA UPENDO.

"Wazee wangapi?"

"Ishirini na sita."

"Tangu nishuke kwenye gari nimeona mhudumu mmoja, naye alikuwa anachota maji kisimani."

"Wengine wako likizo."

"Sita kwa mpigo? Maana wa saba mmetuletea kituoni na pingu."

Jovitha akaanza kupanga kalamu zake mezani, nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. "Afande, mimi mwisho wa wiki nilikuwa Chato, harusi ya mdogo wangu. Zamu niliiacha kwa Renatus. Renatus Niyomugabo, R.N. Kama alijaza kitabu bila kufanya kazi, mwulizeni yeye. Mimi sina la kuongeza."

"Unaamini alimwacha afe?"

"Niseme nini? Jumapili mchana nilipofika, nilimwambia aingie tumtoe marehemu. Akakataa katakata. Alikwenda kusimama kule kwenye migomba, ameupa mlango mgongo. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri anaogopa nini maiti?"

Koplo Erasmus, kijana wa Newala ambaye hajamaliza mwaka Biharamulo, aliliandika neno hilo kwenye daftari lake na kulipigia mistari miwili chini.

Walikwenda kukiona chumba. Kilikuwa cha mwisho kabisa kwenye nyumba ya akina mama, kimejitenga, na Verediana hakuuliza kwa nini, kwa sababu harufu ya vidonda ilikuwa bado imo kwenye godoro. Dirishani palikuwa na kikombe cha plastiki. Alitoa futi ya kamba mfukoni akapima kutoka ukingo wa kitanda hadi kwenye kikombe: mita moja na nusu. Kwa mtu mwenye miguu ni hatua mbili. Bibi Nahimana hakuwa amesimama tangu kiharusi cha mwezi wa pili. Ndani ya kikombe mlikuwa na vumbi.

"Shetani mkubwa," alisema Verediana polepole, na hakusema ni nani.

Barazani, Erasmus alikuwa ameweka chini chai yake aliyopewa na mpishi ili apige picha. Aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu. Ajuza mmoja mwembamba, waliyemwita Bibi Justina, alikuwa anakirudisha palepale kizingitini kwa adabu zote, anajifuta mdomo.

"Mungu akubariki, mwanangu," alimwambia. "Leo umenikumbuka."

"Amen, bibi," alijibu Erasmus, akacheka. "Afande, nimeibiwa chai mbele ya polisi."

"Huyo akili imeshakwenda," alisema Jovitha. "Msimjali."

Verediana alimtazama ajuza, akatazama kikombe kilichokauka kizingitini. Kisha akasema wanaondoka na kitabu, na Jovitha afike kituoni saa nane mchana bila kukosa.

*

Kituoni kulikuwa na gari dogo la mizigo lililojaa watu kutoka Mbuba. Vijana wanne walikuwa wamesimama kwenye ngazi wakiwa na nyuso za matanga na fimbo za kuchungia. Mbele yao alikuwa mwanamke mzee, mfupi, mgongo umenyooka kama wa mtoto wa shule. Huyo alikuwa Bibi Sindayigaya, mdogo wake marehemu, na ndiye peke yake aliyekuwa amebaki katika tumbo lao.

"Shikamoo, mama," alisema Verediana.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Pole kwa msiba, mama. Karibu kwanza ukae."

"Sikuja kukaa. Wala sikuja kulia, kulia nililia juzi. Mliniambia kwenye simu mmemkamata mhudumu. Nimekuja kumtazama usoni huyo aliyemkausha dada yangu kama kisamvu. Nikishamtazama nitamtamkia neno, mbele yenu, na neno hilo litamfuata yeye, na watoto wake, na watakaozaliwa na watoto wake. Hawa vijana nimewaambia wasimguse. Fimbo ni ndogo."

Erasmus aliinama sikioni mwa mkubwa wake. "Afande, tumlete. Pengine akimwona atakiri. Jalada linatakiwa kwa mwendesha mashtaka Alhamisi, na kitabu kina sahihi zake. Ni kesi ya mauaji iliyokwisha kupikwa, bado kupakuliwa."

Verediana alikuwa na shaka, lakini shaka haiandikwi kwenye jalada. Tangu Jumapili Renatus alikuwa ameulizwa mara tatu kuhusu Bibi Nahimana, na mara tatu alikuwa ametazama sakafu na kusema, "Mimi sikumgusa," basi. Mtu wa namna hiyo angefungwa maisha kwa herufi mbili na ukimya wake.

"Mleteni," alisema.

Renatus alitolewa mahabusu, mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, peku. Alifika mlangoni mwa chumba cha kaunta, akainua macho, akamwona mwanamke mzee. Papo hapo akageukia ukuta. Akachuchumaa, akavuta fulana yake mpaka ikafunika kichwa chote, akabaki hapo kama gunia.

"Umeona, afande?" alisema Erasmus. "Hata kumtazama hawezi. Kama siyo hatia ni nini?"

 Verediana hakuwa anamtazama Renatus. Alikuwa anamtazama Bibi Sindayigaya, aliyetoka Mbuba kwa ajili ya kuuona uso wa mtu huyo tu. Bibi Sindayigaya naye alikuwa amegeuka. Alikuwa amejitupia kitenge kichwani na kushuka nacho mpaka kidevuni, na sasa alikuwa anapapasa ukingo wa benchi kwa mkono mmoja, anatafuta mlango wa kutokea.

Aliyekosa humficha uso anayemdai. Hilo hata Erasmus alilijua. Lakini anayedai anajificha nini?

"Mrudisheni ndani," alisema Verediana. "Haraka. Na mfunge mlango."

Alimfuata mzee nje, akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi la kivulini. 

"Mama, huyu ni nani kwako?"

"Ndiye huyo?" aliuliza mzee. "Ndiye mliyemkamata? Huyo ni mume wa Ineza."

"Ineza ni nani?"

"Mwanangu wa mwisho. Wanakaa Bisibo, wana watoto watatu; kazi ya mkwe sikuwahi kuiuliza. Mungu wangu, na mimi nilikuwa nimeshalifungua neno mdomoni." Alijifunika mdomo kwa kiganja. "Ningewatamkia wajukuu zangu."

Erasmus alikuwa amewafuata na daftari lake. "Lakini bibi, huyo ni mkwe wako wewe. Marehemu ni dada yako tu."

Mzee alimtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyeuliza choo kiko wapi katikati ya misa. "Dada yangu ni mama wa mwanangu. Yeye ndiye aliyemshika Ineza mkono siku ya kumtoa nyumbani. Hakuna mkwe nusu, baba. Akikutana naye njiani anashuka shambani mpaka apite. Hali mbele yake, jina lake halitaji, alikolala hakuingii."

"Mama," alisema Verediana, "kitabu chao kinasema kila jioni alikuwa anamwogesha."

 Bibi Sindayigaya alitema mate pembeni.

"Aliyeandika hivyo hatujui sisi," alisema. "Angeandika kwamba alimnyonga, ningeamini. Kumwogesha, hapana."

*

Safari hii Verediana alimhoji Renatus mwenyewe, Erasmus akiwa mlangoni tu, akafunga na dirisha.

"Mkwe wako amenieleza," alisema. "Hutataja jina la mtu yeyote. Nitasema 'chumba cha mwisho', na wewe utasema 'chumba cha mwisho'. Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

Renatus alipangusa uso. "Nisemeje, afande? Nikae kituoni na wanaume nisimulie habari za kuoga za mkwe wangu? Bora kufungwa."

"Ukinyamaza utafungwa kweli. Sema. Alipoletwa Rukimba ulifanya nini?"

"Nilimwambia Joyness. Tukakubaliana sisi wenyewe: yeye chumba cha mwisho, mimi namshikia wazee wawili wa kiume wazito. Ofisini hatukupeleka, siyo mambo ya ofisi. Lakini Joyness aliacha kazi wiki tatu zilizopita. Wameacha wengi. Majina yao bado yako ukutani, watu hawapo."

"Baada ya Joyness nani aliingia?"

"Mama mmoja wa kufua, akimaliza nguo. Alhamisi naye aliondoka. Kuanzia Ijumaa nilikuwa mimi na mpishi, naye ni mwanamume mwenzangu. Wazee ishirini na sita, afande. Unamaliza kumpangusa wa mwisho, wa kwanza ameshajichafua tena. Nikampigia msimamizi, hakupokea. Nikaandika meseji."

"Meseji?"

"Ziko kwenye simu yangu. Mliichukua."

Verediana aligeuza shingo. Simu ilikuwa kwenye bahasha tangu Jumapili, na bahasha haikuwa imefunguliwa, kwa sababu kesi ilikuwa imeshapikwa. Erasmus aliinamia viatu vyake, kisha akaenda kuileta.

Ijumaa, saa kumi jioni: *Mama shikamoo. Chumba cha mwisho kinahitaji mhudumu mwanamke. Niko peke yangu.* Jibu: *Joyness anakuja kesho. Endelea na kazi.* Jumamosi, saa mbili asubuhi: *Mama hajaja mtu. Tafadhali mwanamke yeyote.* Jibu lilikuja saa sita: *Niko harusini usinisumbue. Huyo ni mzee kama wazee wengine, mhudumie.*

Verediana alisoma mara mbili. Hasira ilimpanda taratibu, akaiacha ipande. Joyness aliyeacha kazi wiki tatu nyuma angekuja kesho kutoka wapi?

"Na uji?" aliuliza.

"Nilikuwa naupeleka. Naweka kikombe kizingitini, nakohoa, naondoka. Nikirudi nakuta kitupu. Kila mara kitupu, afande, nakuapia. Nikajua kuna bibi mwenye nguvu anamwingizia. Nikamshukuru Mungu."

Verediana akamwona tena ajuza mwembamba barazani, anarudisha kikombe cha Erasmus kizingitini kwa adabu. *Leo umenikumbuka.* Angeweza kunyamaza. Hakutaka kunyamaza. Mtu amekufa kwa kiu nyuma ya mlango usio hata na kitasa.

"Bibi Justina alikuwa anakunywa," alisema. "Akili yake inasahau. Kikombe chochote kikiwekwa chini ni chake. Hakuna aliyeingia chumba cha mwisho, Renatus. Siku mbili na nusu."

Alimwona jinsi habari ilivyomfikia. Mabega yale mapana yalishuka, akatoa sauti ndogo ya pumzi, basi.

"Ungeingia," alisema Verediana.

"Ningeingia," alisema Renatus. "Najua. Ningeingia."

"Hilo siliandiki, kwa sababu sheria haina mahali pa kuliandika. Lakini utaondoka nalo."

*

Jovitha alifika saa nane kamili na mkoba wa ngozi. Chumba cha mahojiano kilikuwa na dirisha moja, bati bila dari, na jua la saa nane likiwa juu yake. Verediana alimsomea maonyo, akamwandikisha kwenye rejesta ya mahabusu, jina na saa, kisha akafungua kitabu cha Rukimba.

"Tuanze na kuoga. Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Nani alimwogesha?"

"Renatus. Si ameandika?"

"Jumamosi?"

"Renatus."

"Ulipomuuliza, alisemaje?"

"Alinieleza mwenyewe. Kwamba alichukua beseni, maji ya vuguvugu, sabuni, kitambaa. Akamwogesha na kumpaka mafuta mgongoni."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Niko tayari kuapa."

"Koplo, andika: yuko tayari kuapa." Verediana aliweka kiwiko mezani. "Mama Jovitha, marehemu ni mama wa mke wa Renatus. Ni mkwe wake."

Kalamu ya Erasmus ikasimama. 

"Hakuniambia," alisema Jovitha. "Mimi ningejuaje? Angeniambia ni mkwe wake nisingeweka jina..."

 Nje, vijana wa Mbuba walikuwa wanazungumza Kihangaza chini ya dirisha.

"Usingeweka jina la nani?" aliuliza Verediana. "Malizia. Neno limeshatoka mguu mmoja."

"Umenichanganya kwa joto hili. Kitabu kinajieleza. Mimi nasimama na kitabu."

"Simama nacho."

Alimsomea mstari mmoja mmoja. Saa kumi na mbili, amegeuzwa, R.N. Saa mbili, amegeuzwa, R.N. Saa tatu, maji kikombe kimoja. Saa nne, amegeuzwa. Alisoma bila kuinua sauti, kurasa zote tatu, na alipomaliza akarudi ukurasa wa kwanza. Jasho lilikuwa limechora mstari kwenye poda ya Jovitha kutoka kwenye sikio mpaka shingoni.

"Naomba maji," alisema Jovitha.

Jagi na kikombe vilikuwa kwenye rafu ya dirishani. Verediana aliinuka, akatoa futi yake ya kamba, akapima kutoka kwenye kiti cha Jovitha hadi kwenye jagi. Mita moja na nusu, ukiongeza kidogo. Kisha akarudi kukaa, akaivuta rejesta ya mahabusu, akaandika na kusoma kwa sauti anachokiandika.

"Saa tisa na robo. Mahabusu amepewa maji, amekunywa. V.N."

Akaifunga.

Jovitha alitazama jagi, akatazama rejesta. "Sijanywa."

"Kitabu kinasema umekunywa."

"Afande, sijanywa. Koplo huyu anaona."

"Mimi nasimama na kitabu," alisema Verediana. "Na usiinuke kwenye kiti. Aliyelala chumba cha mwisho hakuinuka."

Erasmus alijitikisa, Verediana akamtazama, akatulia. Bati lilikuwa linalia kwa jua. Dakika kumi zikapita, kisha nyingine kumi. Verediana hakujidanganya kwamba hii ni kazi ya upelelezi. Alitaka kumwona mwanamke yule anameza mate na kukuta hayapo, na alimwona, na moyo wake ulifurahi.

"Nilijaza mimi," alisema Jovitha. Sauti ilitoka imekwaruza. "Jana asubuhi. Zote kwa kukaa mara moja."

"Kwa nini R.N.?"

"Ndiye aliyekuwepo. Wakaguzi wa wilaya wanataka wahudumu wanane, wakikuta pungufu wanafunga. Wazee wale wangepelekwa wapi? Nilibakiza majina. Niliandikia bodi barua mbili kuomba watu, mbili, nakala ninazo. Waliniambia nivumilie."

"Na wewe ukavumilia kiu ya mwenzako. Barua hainyweshi mtu, mama. Harusini ulikula?"

 Jovitha alitia sahihi kila ukurasa wa maelezo, mkono unateleza kwa jasho.

Ndipo Verediana alipokwenda dirishani, akamimina, akampelekea kikombe mkononi. Alisimama hapo mpaka tone la mwisho. Kisha akafungua rejesta, akaukata ule mstari wa uongo kwa mstari mmoja, akatia sahihi pembeni, na chini yake akaandika: *Saa kumi kasoro kumi. Amekunywa. Nimemwona.* Mkuu wa kituo angemuuliza kuhusu mstari ule uliokatwa, pengine angempeleka mbele zaidi. Na amuulize.

Nje, Bibi Sindayigaya alikuwa palepale kwenye benchi, chini ya dirisha. Alikuwa amesikia yote.

"Ndiye huyo mama?"

"Ndiye. Amekiri. Renatus anatoka sasa hivi."

"Amekunywa maji?"

"Amekunywa, mama."

"Kikombe kizima?"

"Kizima."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. Vijana wa fimbo walisogea wasikie. Lile neno alilotoka nalo Mbuba bado alikuwa nalo, na Verediana alijua sasa litatoka.

"Mwacheni ale," alisema Bibi Sindayigaya. "Anywe. Asiugue wala asife mapema. Azeeke. Azeeke sana, mpaka miguu imkatae, afike siku ya kungoja kuletewa kikombe."

Kisha akainuka, akavuta kitenge kichwani, akazunguka nyuma ya kituo ili mkwe wake apite mlango wa mbele.